Leso Iliyo Sandukuni: Namna ya Kuisoma na Kuitunza

Nyumba nyingi za Mombasa zina sanduku lenye leso za bibi. Bibi akifariki nguo hugawanywa, na zilizochakaa huishia kuwa matambara ya kupangusia meza. Kwa makumbusho ya historia ya mji hiyo ni hasara, kwani iliyovaliwa sana ndiyo yenye habari nyingi.

Itandike moja uiangalie. Ukingo unaoizunguka ni pindo, katikati ni mji, na maandishi ni jina. Mbili pamoja ni doti. Neno leso limetokana na Kireno, nalo lilimaanisha kitambaa cha mkononi. Katika karne ya 19 wanawake wa pwani waliunga vitambaa sita vya aina hiyo kupata nguo moja ya kujifunga. Wakati huo wengi walivaa merikani, pamba iliyotoka viwanda vya Massachusetts, au kaniki iliyotiwa nili.

Jina husaidia kukisia umri. La herufi za Kiarabu kwa kawaida ni la zamani kuliko la herufi za Kirumi. Lakini kisutu, leso ya harusi yenye nyekundu, nyeusi na nyeupe, mara nyingi haina jina kabisa, wala si kasoro ya kiwanda. Ukiona maneno "Mali ya Abdulla", hiyo ni alama ya duka maarufu la mtaa wa Biashara.

Adui wa kitambaa ni mwanga, unyevu na wadudu, na hapa pwani unyevu ndio mkubwa. Usiifunge leso kuukuu katika mfuko wa plastiki, kwani jasho la hewa hubaki ndani na ukungu huota. Usiifunge kwa gazeti pia. Wino huchafua, na karatasi yake huifanya nguo iwe ya manjano. Usiikunje kila mara kwenye mistari ileile, maana hapo ndipo hukatika. Izungushe kwenye mwanzi wa kadibodi uliovikwa pamba nyeupe iliyofuliwa, kisha uifunike kwa pamba hiyo hiyo. Usiitie stachi, mende huipenda. Udi nao (tunajua hili halitawapendeza wengi) fukiza nguo unazovaa, hii iache.

Usiifue kabla ya kugusisha pembe moja kwa pamba yenye maji. Rangi ikitoka, acha.

Sasa chukua penseli na karatasi. Andika nani aliivaa, alipewa na nani, siku gani, na jina lilimlenga nani. Leso haipewi mtu bure: huenda ilikuwa pongezi, au kijembe kwa jirani, na kijembe hicho hakisomeki tena akiondoka anayekijua. Muulize bibi leo, angali anacheka akisimulia.

Ukiamua kuipeleka makumbusho, ipeleke pamoja na karatasi hiyo, na uombe stakabadhi inayosema wazi kama umeitoa au umeiazimisha.