Weusi Usiosuguliwa: Maswali na Majibu Kuhusu Kikaango cha Chuma cha Kusubu Mjini Likasi

Katika nyumba nyingi za Likasi, mji wa madini ulioko katika mkoa wa Haut-Katanga, chombo kinachotawala jikoni ni sufuria ya aluminiamu, ambayo husuguliwa mpaka ing'ae, na mng'ao wake huchukuliwa kuwa ushahidi wa usafi wa mwenye nyumba. Kikaango cha chuma cha kusubu, yaani chuma kilichoyeyushwa kikamiminwa katika kalibu ya mchanga, hakiwezi kutunzwa kwa kanuni hiyo, kwa kuwa weusi wake si uchafu bali ni tabaka la mafuta yaliyogeuka kuwa gumu, nalo ndilo linalozuia kutu na kufanya chakula kisigande. Majibu yafuatayo yanaeleza jinsi tabaka hilo linavyoundwa, linavyolindwa na linavyorudishwa pale linapopotea, kwa kuzingatia mafuta, moto na majira ya Likasi.

Chuma cha kusubu kina tofauti gani na chuma kingine, na mnunuzi atakitambuaje sokoni?

Chuma cha kusubu kina kaboni ya kiasi cha asilimia 2 hadi 4, na kaboni hiyo hushusha joto la kuyeyuka kutoka nyuzi 1,538 za Selsiasi, ambalo ni la chuma kisicho na mchanganyiko, hadi nyuzi 1,200 hivi au pungufu, jambo linalowezesha chuma hicho kutiririka kama uji na kuchukua umbo la kalibu. Kaboni hiyo hiyo hukifanya kiwe kigumu lakini chepesi kupasuka, ndiyo maana kikaango kikianguka juu ya sakafu ya saruji huvunjika badala ya kubonyea. Tanuri za wahunzi wa kale wa Afrika ya Kati hazikutoa chuma cha namna hii, bali zilitoa bonge lililofuliwa kwa nyundo likawa jembe, shoka au mkuki. Chuma kilifuliwa, na kilichomiminwa Katanga kilikuwa shaba, kama inavyoonekana katika misalaba midogo ya shaba iliyotumika zamani kama fedha. Chungu cha chuma cha kusubu kina asili nyingine, kwani huko Uingereza Abraham Darby alipata mwaka 1707 hataza, yaani haki ya kipekee ya kutumia ugunduzi wake, kwa njia ya kusubu vyungu vya chuma katika mchanga. Bidhaa nzito za viwandani zilifunguliwa njia ya kuingia Katanga na reli iliyotoka kusini, iliyofika Élisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, mwaka 1910, na kufika Bukama mwaka 1918 baada ya kupita eneo la Likasi, mji ulioitwa Jadotville hadi mwaka 1966.

Sokoni, kipimo cha kwanza ni sumaku. Vyombo vinavyosubiwa na mafundi kutokana na aluminiamu chakavu haviivuti hata vikiwa vizito na vyeusi kwa masizi, na kikaango chembamba cha bati la chuma huivuta lakini ni chepesi mkononi. Kikaango halisi cha kusubu chenye upana wa sentimita 26 huwa na uzito wa kilo 2 au zaidi, na uso wake una chembechembe za mchanga wa kalibu, isipokuwa kama kilinolewa kiwandani.

Kuivisha kikaango ni kufanya nini hasa?

Kuivisha ni kupaka mafuta membamba juu ya chuma na kuyapasha joto hadi yabadilike yasiwe mafuta tena. Mafuta ya kula ni trigliseridi, maana yake kila molekuli ina asidi tatu za mafuta zilizoshikamana na gliseroli, na baadhi ya asidi hizo huitwa zisizoshiba kwa sababu zina viungo maradufu ambavyo bado vinaweza kupokea atomu nyingine. Joto likipanda kupita nyuzi 200, oksijeni ya hewani hushambulia maeneo yaliyo karibu na viungo hivyo, molekuli jirani hushikana, na mtandao wake hukua ukawa polima, yaani kitu kigumu kilichofumwa kwa molekuli ndefu zilizofungamana, kisichoyeyuka katika maji wala kutoka kwa kitambaa. Sehemu nyingine ya mafuta huungua ikawa kaboni, nayo ndiyo inayotoa rangi nyeusi.

Kutokana na maelezo hayo hufuata kanuni ambayo wapishi wengi hushindwa kuiamini mpaka waione kwa macho: mafuta kidogo huivisha, mafuta mengi huharibu. Oksijeni inapaswa kulifikia tabaka lote, na likiwa nene huganda juu huku chini likibaki bichi, na matokeo yake ni utando unaonata kama ulimbo. Kikaango kinachonata baada ya kuivishwa hakina kasoro ya chuma; kilipakwa kupita kiasi, na dawa yake ni kukirudisha motoni mpaka utando ukauke, au kuusugua na kuanza upya.

Je, mafuta ya ngazi yanafaa?

Mafuta ya ngazi, ambayo kwingineko huitwa mawese, yako karibu katika kila jiko la Likasi, kwa hiyo swali hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Uwezo wa mafuta kugeuka polima hukadiriwa kwa namba ya iodini, ambayo ni gramu za iodini zinazonyonywa na gramu 100 za mafuta. Kadiri viungo maradufu vinavyokuwa vingi, ndivyo namba inavyopanda. Mafuta ya ngazi yana namba ya takriban 50, kwa kuwa karibu nusu ya asidi zake zimeshiba na haziwezi kushikana. Ya karanga hukaribia 90, ya mahindi, alizeti na soya huwa kati ya 105 na 140, na ya kitani hupita 170.

Hivyo mafuta ya ngazi ni mazuri kwa sombe, yaani mboga ya majani ya muhogo, na dhaifu kwa kuivisha, kwani huacha tabaka laini linalochelewa kuwa gumu, na yale yanayouzwa kwa kupimwa kutoka katika vidumu mara nyingi huwa na maji na masimbi yanayoacha madoa. Mafuta ya kitani, yanayosifiwa sana ng'ambo, hukauka haraka na kung'aa, lakini tabaka lake ni kavu mno na huweza kubanduka vipande vipande. Uamuzi wa busara ni mafuta ya soya, alizeti au mahindi yaliyosafishwa, na yakikosekana, ya karanga. Majarini haifai, kwa sababu ina maji na mara nyingi chumvi, na vyote viwili hukaribisha kutu.

Inawezekanaje kuivisha pasipo oveni, na umeme hukatika?

Inawezekana vizuri kwa mbabula, yaani jiko dogo la makala, mradi mpishi atambue kwamba mbabula haina kidhibiti cha joto na kwamba makala yaliyopepewa huweza kupita nyuzi 700, joto linalotosha kukipinda kikaango au kukiacha na rangi nyekundu isiyopokea mafuta tena kwa urahisi. Kikaango kipya huoshwa kwanza kwa maji ya moto na sabuni ili kuondoa nta au mafuta ya kiwandani, kisha hukaushwa juu ya moto mpaka unyevu wote utoke katika vinyweleo vya chuma. Kikiwa na uvuguvugu, hupakwa mafuta ndani, nje na kwenye mpini, halafu hufutwa kwa kitambaa kikavu kana kwamba mafuta yamewekwa kwa makosa na yanapaswa kuondolewa yote. Kiasi kinachobaki baada ya kufuta ndicho kiasi kinachotakiwa.

Makala huachwa yashike yote na kuanza kufunikwa na majivu, ndipo kikaango huwekwa juu na kuzungushwa mara kwa mara ili joto lisikae mahali pamoja. Moshi mwembamba utapanda, na kazi ya tabaka hilo huisha moshi unapokoma na uso ukawa wa kahawia au mweusi usio na unyevu. Huachwa kipoe chenyewe, na zoezi hurudiwa mara tatu au nne. Mwenye oveni hukiweka kifudifudi kwa muda wa saa 1 kwenye nyuzi 230 hivi. Kazi ya mbabula ifanyike uani, wala si ndani ya nyumba hata wakati wa baridi ya Juni na Julai, kwa sababu makala hutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu inayoua, na mafuta yanayofuka hutoa akrolini inayochoma macho na koo.

Kikaango huoshwaje bila kuharibu kilichojengwa?

Hapa ndipo desturi ya sufuria inapogongana na mahitaji ya chuma, na ndipo vikaango vingi hupotea. Baada ya kupika, kikaango kikiwa bado na joto kidogo, hupanguswa, husuguliwa kwa maji ya moto na brashi au kitambaa, hukaushwa motoni na kupakwa mafuta kidogo sana. Chakula kilichoganda hung'olewa kwa kuchemsha maji kidogo ndani yake, au kwa kusugua na chumvi ya mawe. Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo haina madhara ikitumiwa kidogo, kwa sababu huondoa mafuta yaliyo mabichi na haigusi polima. Sabuni ya kipande iliyotengenezwa mtaani kwa mafuta ya ngazi na soda kali ni suala jingine: ikiwa soda imezidi mafuta, ile iliyobaki bila kuungana hula tabaka polepole. Majivu hufanya vivyo hivyo, maana maji yake ni alikali, yaani kinyume cha asidi, nayo alikali kali ndiyo inayotumika kuvua tabaka lote mtu anapotaka kuanza upya.

Mchanga, ambao nao hutumiwa kusugulia vyombo, huongeza hatari ya pili, ambayo katika mji huu haipaswi kunyamaziwa. Likasi imezungukwa na kazi za madini, kuanzia viwanda vya Shituru hadi migodi ya Kambove, na utafiti uliochapishwa mwaka 2009 na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, uliopima mikojo ya wakazi wa kusini mwa Katanga, ulikuta viwango vikubwa vya kobalti, risasi, kadimiamu na urani kwa watu wanaoishi karibu na migodi na mitambo ya kuyeyushia. Vumbi na udongo ni miongoni mwa njia ambazo metali hizo humfikia binadamu. Kuchota mchanga kando ya barabara na kuusugulia chombo cha kupikia, kiwe cha chuma au cha aluminiamu, ni kualika mezani kile ambacho familia ingepaswa kukiacha nje ya mlango.

Ni vyakula gani vinavyokifaa?

Kukaanga mandazi, samaki, viazi na ndizi hukiimarisha, kwa kuwa kila kikao cha mafuta ya moto huongeza tabaka. Mchuzi wa nyanya unaochemka kwa muda mrefu na vyakula vyenye ndimu huliyeyusha, maana asidi hupenya hadi kwenye chuma na kukitoa ndani ya chakula, kikawa na ladha ya metali. Kaanga ya haraka ya nyanya haidhuru kikaango kilichokomaa. Maharage na mboga za majani huweza kuwa meusi kwa sababu polifenoli zake, yaani kemikali za asili za mimea, hushikana na chuma, na weusi huo hauna sumu. Bukari, ugali wa Katanga, ni heri ubaki katika sufuria ndefu, kwa kuwa kikaango kifupi hakivumilii mwiko unaosonga kwa nguvu.

Chuma kinachotoka si hasara tupu. Jaribio lililofanywa Ethiopia na kuchapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 1999 lilionyesha kwamba watoto waliolishwa chakula kilichopikwa katika vyungu vya chuma waliongeza hemoglobini, ambayo ni sehemu ya damu inayobeba oksijeni, kuliko watoto waliopikiwa katika vyungu vya aluminiamu. Kwa upande mwingine, kusini mwa Afrika umeelezwa ugonjwa wa chuma kuzidi mwilini kwa watu waliokunywa kwa miaka mingi pombe ya kienyeji iliyochachishwa katika vyombo vya chuma, kwa hiyo kikaango kisigeuzwe pipa la kuchachishia wala ghala la mabaki ya chakula.

Kutu ikijitokeza wakati wa mvua?

Kuanzia Novemba hadi Machi hewa ya Likasi hubeba unyevu mwingi, na kikaango kilichofunikwa kwa mfuniko kinaweza kuamka kikiwa na madoa mekundu. Kihifadhiwe wazi, kikiwa na karatasi kavu ndani. Kutu ndogo husuguliwa kwa sufi ya chuma na mafuta; kubwa hulowekwa kwa nusu saa katika siki iliyochanganywa na maji sawa kwa sawa, kisha husuguliwa, huoshwa, hukaushwa papo hapo na kuivishwa upya.

Je, kikaango cha mtumba kinaaminika?

Kinaaminika ikiwa historia yake inajulikana. Kutu, mafuta yaliyogandamana na hata weusi wa miaka mingi vyote huondoka, lakini ufa hauondoki, na unaweza kutambuliwa kwa kukigonga, kwani kizima hutoa mlio mrefu na chenye ufa hutoa mlio mfu. Hatari isiyoonekana ni chombo kilichowahi kuyeyushia risasi ya betri za magari au kuchomea mawe ya madini. Risasi hubaki katika vinyweleo vya chuma, haina harufu wala rangi ya kuionyesha, haiondolewi kwa sabuni, na kukichoma kikaango hicho ili kukisafisha hurusha mvuke wake hewani. Muuzaji aulizwe waziwazi kilikofanyia kazi, na akishindwa kueleza, mnunuzi asikipikie watoto, hata kikiuzwa kwa bei ya chini kiasi gani.