Mtoto Akishatoka Chumba cha Upasuaji wa Moyo



Sharika nyingi zinapomchangia mtoto mwenye tundu kwenye moyo, hesabu huishia siku ya upasuaji. Somo hili linaeleza kwa nini wiki sita zinazofuata ziwemo katika bajeti ileile.

Ili tundu lizibwe, moyo husimamishwa na damu hupitishwa kwenye mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu. Dk. John Gibbon wa Philadelphia, Marekani, ndiye aliyeitumia kwa mafanikio mara ya kwanza, mwaka 1953. Lakini damu ikigusa mipira ya mashine, kinga ya mwili huamka kama imevamiwa na adui. Mishipa midogo huvuja maji, uso huvimba, joto hupanda. Watoto wachanga huumia zaidi, kwani mtoto wa kilo 3 ana damu kama robo lita tu, na mipira ni mirefu. Kwa kawaida uvimbe huo hupungua katika siku chache.

Moyo pia una njia zake za umeme, na baadhi hupita kando kabisa ya tundu linaloshonwa. Zikijeruhiwa au zikibanwa na uvimbe, moyo hupiga polepole mno. Ndiyo sababu mtoto hutoka na nyaya nyembamba kifuani, za kuunganishwa na kifaa cha muda cha kuongoza mapigo. Mara nyingi njia hufunguka tena, hivyo madaktari husubiri walau siku 7 kabla ya kuamua kuweka kifaa cha kudumu. Wengine moyo huwaenda mbio, hasa katika siku 3 za kwanza. Hapo hupewa dawa kama amiodaroni, hurekebishiwa magnesiamu, na hupozwa mwili makusudi. Mama akimkuta mwanawe hana blanketi, asidhani ametelekezwa.

Hatari inayotusumbua sisi wa vijijini huja baadaye. Kati ya wiki ya 1 na ya 6, kinga ya mwili huweza kushambulia mfuko unaouzunguka moyo. Mtoto hupata homa, kifua humuuma, hukataa kula. Nyumbani husemwa ni malaria, akapewa dawa mseto bila kupimwa. Malaria ipimwe, ndiyo, lakini maji yakijaa kwenye mfuko huo huubana moyo na yanaweza kuua. Ultrasaundi ya moyo huyaonyesha, na yakigunduliwa mapema mara nyingi dawa za kupunguza uvimbe hutosha.

Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015, iko Dar es Salaam. Kwa familia ya Karagwe hiyo ni safari ndefu mno ya basi. Kwa hiyo kamati itenge nauli ya mtoto na mzazi kurudi kliniki, na akiba kidogo ya safari ya dharura. Mzazi abaki na karatasi ya ruhusa pamoja na namba ya simu ya wodi. Zahanati ya jirani nayo ijulishwe, kabla mtoto hajarudi nyumbani, kwamba amepasuliwa moyo.