Kuchagua Kitabu cha Kutambulia Ndege: Mfano wa Bukavu

Mwanafunzi anayekusanya majina ya ndege kwa kazi yake ya mwisho hukutana mapema na neno mdiria. Kandokando ya Ziwa Kivu, jina hilo linamfaa ndege mweusi na mweupe anayesimama hewani akipigapiga mabawa kabla ya kujitupa majini. Linamfaa pia yule mdogo wa buluu anayetua kwenye matete. Akilitafsiri kwa Kifaransa martin-pêcheur, bado hajatuambia ni yupi. Kitabu cha kutambulia ndege kingemsaidia: kina picha, ramani ndogo, na jina la kisayansi. Ceryle rudis ni yule wa kwanza tu.

Je, achukue kitabu gani? Wanaoanza hupenda kilicho kinene. Kile cha Ian Sinclair na Peter Ryan kinahusu Afrika yote kusini mwa Sahara, aina zaidi ya 2,000, na Kongo imo. Lakini mgeni wa kazi hii atafunua kurasa nyingi za ndege wa Namibia na Ethiopia wasiofika kwetu, na huku ndege wake amekwisha ruka.

Kile cha Terry Stevenson na John Fanshawe, kilichotoka 2002, kinahusu Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi. Mtu wa Bukavu ningempa hicho. Rwanda iko ng'ambo ya Rusizi tu, na ndege wa bustani na wa ziwa ni wale wale kwa sehemu kubwa. Kasoro ni ramani zake: zinaishia mpakani. Upande wetu kukosa rangi maana yake ni kwamba waandishi hawakushughulika na Kongo, si kwamba ndege hayupo. Nimeona daftari ambamo mwanafunzi alifuta jina alilopewa na mvuvi mzee, akaandika pembeni: «ramani haimwonyeshi». Alifuta ushahidi wake mwenyewe.

Ukishuka magharibi kwenye misitu ya bondeni, kitabu hicho kiache nyumbani. Tausi wa Kongo, Afropavo congensis, aliyeelezwa na James Chapin mwaka 1936, anaishi nchini mwetu tu, basi hayumo. Huko beba kile kinene, uzito na wote.

Daftarini andika jina kama msemaji alivyolitamka, mahali, jina la kisayansi na nambari ya ukurasa. Usipokuwa na hakika, andika «mdiria, aina haijatambuliwa». Msimamizi atakuuliza, lakini atakuwa na pa kuanzia.