Taa za Gari Zimefifia: Zisafishwe au Zibadilishwe?

Hiace, Noah na magari mengine mengi ya Kijapani huingia Afrika Mashariki yakiwa yameshatumika, na taa za mbele za baadhi yake zimeshaanza kuwa njano. Jua la huku humalizia kazi. Kabla hujatoa pesa ya taa nyingine, tafuta kwanza mwanga unapotelea wapi.

Kwa nini taa hugeuka njano?

Tunachokiita kioo cha taa, kwa magari mengi ya siku hizi, ni plastiki ya polikaboneti. Kiwandani hupakwa tabaka jembamba la kuikinga na miale ya urujuanimno ya jua. Tabaka hilo likichakaa, plastiki hushika ukungu na kuwa njano. AAA, chama cha wenye magari cha Marekani, kilitangaza mwaka 2018 kuwa taa zilizochakaa kilizozipima zilitoa asilimia 22 tu ya mwanga wa taa mpya.

Nitajuaje kama inasafishika?

Imwagie maji. Iking'aa ingali mbichi na kufifia ikikauka, ubovu uko nje, na msasa utaumaliza. Lakini kama rangi ya fedha ya ndani, ile inayoakisi mwanga, imebabuka, au kuna ufa, badilisha taa nzima. Umande kidogo baada ya mvua, unaokauka taa ikiwaka, usikutishe. Maji yanayotuama chini ya taa ni dalili ya ufa au mpira ulioachia.

Je, dawa ya meno inafaa?

Hung'arisha kwa muda mfupi, ila hairudishi kinga ya jua. Kazi inayodumu huanza kwa kubandika tepu kuzunguka taa ili rangi ya bodi isikwaruzwe. Sugua kwa msasa wa maji namba 800 au 1000, kisha 2000, umalizie na 3000, huku taa ikiwa na maji muda wote. Piga polishi, ifute kwa spiriti, kisha pulizia klia yenye kinga ya miale ya jua. Fundi akiruka hatua hiyo ya mwisho, njano itarudi mapema.

Nimesafisha, mbona mwanga bado hafifu?

Hapo shuku umeme. Taa ikiwa imewashwa na injini ikiunguruma, mwambie fundi apime volti kwenye soketi ya balbu, kisha kwenye betri. Tofauti ikizidi volti moja, kagua waya wa eathi, relei na soketi. Kutu hupunguza umeme. Balbu ya kawaida ya H4 hutumia wati 60 kwa mwanga mkali na 55 kwa hafifu. Ukiweka ya wati 100, unahatarisha soketi na nyaya kuyeyuka. Balbu ya LED ndani ya taa iliyoundwa kwa halojeni mara nyingi hutawanya mwanga na kumpofusha dereva anayekuja. Usiishike balbu ya halojeni kwenye kioo chake: mafuta ya vidole huifupishia maisha.

Nikinunua taa nzima, niangalie nini?

Uwe Gerezani, Kariakoo, au Kirinyaga Road, Nairobi, nenda na taa ya zamani mkononi ulinganishe namba, soketi na vishikio. Jina la mtengenezaji, kama Koito, Stanley au Ichikoh, huandikwa kwenye taa. Uliza pia imetoka gari la nchi gani. Tanzania, Kenya na Uganda tunaendesha kushoto kama Japani, hivyo mwanga hafifu hupanda upande wa kushoto. Taa ya gari la Dubai au Ujerumani hupandisha mwanga kulia, moja kwa moja machoni mwa anayekuja. Kwa Rwanda, Burundi na Kongo, wanakoendesha kulia, ni kinyume chake.

Baada ya kufunga?

Rekebisha mwelekeo. Weka gari pasawa, mita 10 kutoka ukutani, matairi yakiwa na upepo sahihi. Ukingo wa juu wa mwanga hafifu uwe kama sentimita 10 chini ya usawa wa kitovu cha taa. Kila taa ina skrubu za kazi hiyo.

Mwenye gari la abiria, usingoje trafiki akusimamishe. Kagua taa zote mbili leo jioni, kabla ya safari ya usiku.