Namna ya Kuiingiza Mila ya Nkoma Kwenye Vitabu vya Halmashauri

Mwaka 2012 mkoa wa Simiyu ulipomegwa kutoka Shinyanga, Wilaya ya Itilima nayo ilikatwa kutoka Bariadi, na kata ya Nkoma ikaangukia Itilima. Tangu hapo maombi ya wananchi huishia Lagangabilili, makao makuu ya wilaya. Huko kuna ofisi ya utamaduni, lakini ofisi hufanyia kazi kilichoandikwa. Eneo la matambiko ambalo kila mzee analijua, kama halimo kwenye karatasi yoyote, mbele ya mpima ardhi ni kichaka tu, na kichaka hugawiwa.

Anzeni kijijini, msikimbilie wilayani. Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea, na hutakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu. Mpelekeeni mtendaji wa kijiji ajenda yenu kwa maandishi mapema. Ikiachwa kwenye "mengineyo", itafikiwa wakati watu wameshaanza kuondoka kuwahi mifugo. Hoja iwe moja na iwe finyu: eneo fulani, lenye mipaka hii, liingizwe kwenye ardhi ya jumuiya. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inawapa njia hiyo: halmashauri ya kijiji inapendekeza, mkutano mkuu unaridhia, kisha eneo linaandikwa kwenye daftari la ardhi ya jumuiya. Hakikisheni azimio limo kwenye muhtasari na mahudhurio yameambatanishwa, kisha ombeni nakala yenye muhuri.

Wazee wengi husita hapa, wakiogopa kwamba kuandika ni kuanika siri. Hofu hiyo ina msingi, ila sheria haiulizi kinachofanyika ndani ya eneo; mipaka na matumizi kwa jumla vinatosha. Na msitegemee neno la ukoo wa kitemi peke yake. Heshima yao ipo, lakini mamlaka ya machifu kisheria yalifutwa mwaka 1963. Mtemi aje mkutanoni, azungumze, na jina lake liandikwe kwenye mahudhurio kama la mwananchi mwingine.

Mkitaka faini kwa anayekata miti au kulima eneo hilo, tungeni sheria ndogo ya kijiji. Haitakuwa na nguvu mpaka ipelekwe halmashauri ya wilaya na kuidhinishwa. Vijiji vikianza kutoza kabla ya idhini, kesi ya kwanza ikifika mahakamani vinaumbuka.

Anayeona haya yote ni urasimu mtupu awatazame Wahadzabe. Ni watu wachache, wawindaji na warina asali, na wengine wao wanaishi jirani zetu Meatu. Kwa miaka mingi ardhi yao ilihesabiwa kuwa tupu kwa sababu hawalimi. Upande wa Mbulu, katika bonde la Yaeda, walipitia mpango wa matumizi bora ya ardhi ya kijiji wakisaidiwa na shirika la Ujamaa Community Resource Team, na mwaka 2011 wakapata hatimiliki ya kimila ya pamoja kwa zaidi ya hekta 20,000. Silaha yao ilikuwa ramani na maazimio ya vijiji. Kwa hiyo Nkoma inapopanga matumizi ya ardhi, wafugaji na jamii ndogo ndogo waitwe mwanzoni, mipaka ikiwa bado inajadiliwa. Kuwaita siku ya kusaini ni kuwaita kushuhudia.

Kuhusu fedha, mwaka wa serikali huanza tarehe 1 Julai, na bajeti za halmashauri huandaliwa miezi kadhaa kabla. Ombi la uwanja wa ngoma au ukumbi wa kumbukumbu lipite kwenye vikao vya kijiji na kamati ya maendeleo ya kata, inayoongozwa na diwani, kabla Desemba haijaisha. Ipo pia asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Afisa maendeleo ya jamii wa kata ndiye mlango. Ila huo ni mkopo. Kukopa ili kununua sare za ngoma ni kujitafutia deni; kopeni kwa ajili ya kitu kinachoingiza hela, kama turubai na viti vya kukodisha, faida ndiyo inunue sare.

Vikundi vya ngoma, viwe vya Wagika au Wagalu, pande mbili za ushindani wa ngoma za Kisukuma, visajiliwe Baraza la Sanaa la Taifa (Basata) ili viweze kualikwa na kulipwa kihalali. Bayeye wanaocheza na chatu wana mzigo wa ziada: kumiliki nyoka huyo, au ngozi za wanyamapori za kuvaa, kunahitaji kibali chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009. Kisingizio cha mila hakimtoi mtu mahabusu. Waganga nao wana sheria yao ya tiba asili ya 2002, na ni vyema maombi yao yasichanganywe na ya kikundi cha ngoma.

Kama hamjui mkutano mkuu ujao wa kijiji chenu ni lini, mwulizeni mtendaji wiki hii, na mwendeeni na barua ya ajenda mkononi.