Nyuki Wakifa, Tafuta Sababu Kwanza

Mfugaji wa nyuki aonapo kundi lake limepungua, mara hutafuta wa kumlaumu. Akikuta mdudu mzingani husema, "Huyu ndiye adui." Huenda ni kweli, huenda si kweli. Soma hapa jinsi mtaalamu mmoja wa Uingereza, Dk. Leslie Bailey, alivyolichunguza jambo kama hilo.

Tangu mwaka 1904 nyuki wa kisiwa cha Wight, kusini mwa Uingereza, walikufa kwa wingi. Walishindwa kuruka, wakatambaa majanini mpaka wakafa. Mwaka 1920 John Rennie na wenzake waliona utitiri mdogo sana katika mirija ya pumzi ya nyuki. Watu wakaridhika kwamba mkosaji amepatikana.

Bailey, aliyekuwa mtafiti katika kituo cha kilimo cha Rothamsted, hakuridhika. Alichunguza nyuki wenye utitiri, akaona kwamba huruka kama wenzao. Utitiri huweza kufupisha maisha yao, lakini si huo uwafanyao watambae. Yeye na wenzake wakawasaga nyuki waliopooza, wakayachuja maji yao, wakawatia nyuki wazima. Hao nao wakapooza. Mwaka 1963 wakatangaza kwamba wamepata virusi viwili viletavyo kupooza. Baadaye ilionekana kuwa kimoja huenea nyuki wakisongamana: nywele zao hukatika, na ugonjwa huingia penye jeraha.

Basi nawe fanya hivi:

1. Ukiona funza wa nondo katika masega, usikate shauri kwamba ndio walioua nyuki. Kwa kawaida nondo hulishinda kundi lililokwisha dhoofika. Jiulize limedhoofishwa na nini.

2. Tazama kama malkia yupo, kama kuna majana na asali, na kama shamba la jirani limepigwa dawa ya wadudu.

3. Usiweke mizinga mingi kupita maua ya mahali hapo.

4. Masega ya mzinga uliokufa usiyatie katika mzinga ulio mzima.

5. Nyuki wakitetemeka au kutambaa chini, mpelekee bwana nyuki habari upesi, wala usitie dawa kabla hajaja kutazama.

Dawa isiyo ya ugonjwa ule hula fedha yako, na nyuki hufa vile vile.