Kuacha Pombe: Tutafute Wenzetu wa Kusaidiana

Msimu wa mabibo unapofika, vijiji vyetu vya bonde la Mbwemkuru hunukia uraka, na nyuma ya uraka huja gongo. Malipo ya korosho yakitoka, wako akina baba, na akina mama pia, ambao fedha yao haifiki nyumbani. Wengi wao wamekwisha kuahidi mara nyingi, "Nimeacha." Waliahidi kwa moyo. Baada ya wiki mbili wanaonekana tena kilabuni. Mwezi huu tujifunze kwa nini ahadi ya mtu peke yake haitoshi, na jinsi ya kumtafutia wenzake wa kumsaidia.

ULEVI NI UGONJWA

Mtu akinywa sana kwa muda mrefu, ubongo wake huizoea pombe. Akiikosa, anatetemeka, anatoka jasho na kukosa usingizi. Hapo hanywi tena kwa furaha, bali anakunywa ili atulie. Matusi ya ndugu na kicheko cha majirani haviponyi hali hiyo, bali humfanya ajifiche.

KWANZA HOSPITALI

Anayekunywa sana kila siku, hasa anayeanza asubuhi, asiachishwe ghafla nyumbani. Katika siku tatu nne za mwanzo anaweza kupata kifafa, kuweweseka na kuona vitu visivyokuwapo, hata kufa. Tusimfungie chumbani. Tumpeleke hospitali ya wilaya, Nachingwea au Ruangwa, au hospitali za misheni kama Mnero, Nyangao na Ndanda. Tumweleze daktari bila kuficha anakunywa nini na kiasi gani. Zipo dawa za kumvusha salama, pamoja na vitamini B1 ya kulinda ubongo.

NGUVU YA WAWILI

Dawa humvusha siku chache tu. Baadaye anarudi kijijini, na kilabu kiko palepale. Hapo ndipo anapohitaji kikundi.

Mwaka 1935, katika mji wa Akron huko Marekani, Bill Wilson, mfanyabiashara wa hisa, alikutana na daktari mpasuaji, Bob Smith. Wote walikuwa walevi. Bill alikuwa ameacha kwa miezi michache, na aliona kwamba akizungumza na mlevi mwenzake, hamu yake mwenyewe hupungua. Daktari naye aliacha mwezi Juni mwaka huo, asinywe tena hadi kufa kwake mwaka 1950. Kutokana na hao wawili kilizaliwa chama cha Alcoholics Anonymous, yaani AA, ambacho leo kina vikundi katika nchi nyingi. Hakuna kiingilio. Sharti ni moja tu: kutaka kuacha pombe.

TUTAKIPATA WAPI?

Vikundi vya AA viko zaidi mijini, kama Dar es Salaam na Nairobi. Aendaye huko kwa matibabu au kwa ndugu aulize. Hapa kwetu tumwulize mganga wa afya ya akili hospitalini, afisa ustawi wa jamii wilayani, paroko au katekista. Tena tumtafute mtu wa kijijini aliyekuwa mlevi na sasa hanywi. Huyo anaijua njia kuliko sisi sote.

Kama kikundi hakipo, wawili wanatosha kuanza. Sisi ambao tumezoea VICOBA na jumuiya ndogo ndogo hatushindwi kukutana kila wiki. Tuzingatie haya:

1. Siku na saa zisibadilike. Saa moja inatosha.
2. Pachaguliwe mahali penye faragha na mbali na kilabu. Majirani zetu Waislamu wakaribishwe, hivyo darasa la shule laweza kufaa kuliko kanisa.
3. Kila mmoja aeleze habari zake mwenyewe, asihukumu za mwenzake.
4. Yaliyosemwa pale yabaki pale. Siri ikitoka, kikundi kimekufa.
5. Kusiwe na mikopo wala michango ya lazima.
6. Aliyeanguka akanywa tena apokewe. Atafutwe nyumbani kabla ya wiki kupita.
7. Wakati wa uraka na wa malipo, wanakikundi watembeleane kila siku. Anayetaka, aende kuchukua fedha akiwa na mkewe au mwenzake wa kikundi.

NA FAMILIA JE?

Mke, mume na watoto nao wameumia. Mwaka 1951 jamaa za walevi huko Marekani waliunda chama chao, Al-Anon, ili kusaidiana hata kama mlevi mwenyewe bado hajakubali kuacha. Akina mama wawili watatu wa jumuiya wanaweza kufanya vivyo hivyo. Mama asijilaumu kwamba yeye ndiye aliyesababisha. Na akipigwa, asingoje kikundi: akimbilie mahali salama na kutoa taarifa.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Je, mlevi wa jirani yetu akitaka kuacha leo, atamwendea nani?
2. Ni nani kijijini kwetu aliyeacha, ambaye tunaweza kumwomba aanze na mmoja?
3. Katika sherehe zetu za ubatizo na ndoa, tunamwandalia nini asiyekunywa?